Tamaa Iliyozidi Kipaji

Aprili 3, 2011, pale Jerez, Hispania, njia ikiwa imelowa mvua, Valentino Rossi alijaribu kumpita Casey Stoner kwa ndani. Tairi lake la mbele likaacha kushika lami, akateleza, akamzoa na mwenzake. Wasimamizi wa njia walimsaidia Rossi kuinua pikipiki, akaendelea na kumaliza wa tano. Ya Stoner haikuwaka tena. Baada ya mbio Rossi akaenda kwenye karakana ya Stoner kuomba radhi, helmeti bado iko kichwani, kamera zimemzunguka. Stoner alitabasamu, akamuulizia hali ya bega lake, kisha akamwambia jambo ambalo mashabiki wa MotoGP wanalirudia mpaka leo: kwamba ni wazi tamaa yake ilizidi kipaji chake.

Nimeandika "tamaa" na tayari nimeshampendelea mmoja wao. Neno alilotumia Stoner kwa Kiingereza si neno baya; watu huliweka kwenye barua za kuomba kazi. Sisi tuna ari, tuna shauku, tuna matamanio. Lakini jaribu kuisema sentensi ile kwa Kiswahili uone kama lipo linalokaa vizuri kuliko tamaa. Na tamaa kwetu imeshahukumiwa kabla haijafika mahakamani: tamaa mbele, mauti nyuma. Kipaji nacho, ukilisikiliza neno lenyewe, ni kitu ulichopewa. Kwa hiyo kwa Kiswahili Stoner anamwambia Rossi, bingwa wa dunia mara tisa, kwamba umetaka kuliko ulivyojaliwa. Ni tusi zito kuliko alilokusudia, nadhani.

Nimekuwa nikiifikiria sentensi hiyo tangu nilipoirudia filamu ya Mark Neale, Hitting the Apex, iliyotoka mwaka 2015 ikisimuliwa na Brad Pitt. Inawafuata waendeshaji sita: Rossi, Stoner, Jorge Lorenzo, Dani Pedrosa, Marc Márquez na Marco Simoncelli. Jina lake linataja ncha ya kona, pale ndani kabisa ambapo pikipiki inatakiwa iguse kabla ya kufunguka kuelekea nje. Ni filamu nzuri. Inawaacha waendeshaji waongee, na inajua kunyamaza inapofika kwa Simoncelli. Ninachokilalamikia ni kwamba, kama filamu karibu zote za michezo, inaishi kwa picha za kupitana na kuanguka, na mtu akishalishwa picha hizo kwa muda mrefu anaanza kuamini kwamba kipaji ndicho kile kinachoonekana wakati wa kupita. Mimi niliamini hivyo. Niliamini vibaya zaidi ya hapo, na nitakuja kusema.

Chukua Laguna Seca, California, Julai 2008. Stoner ni bingwa mtetezi, ameanza wa kwanza kwenye gridi, na wikiendi nzima hakuna aliyemkaribia kwa kasi. Rossi anajua kwamba akimwacha atangulie hatamwona tena. Basi anaamua kumbania. Kuna kona pale inaitwa Corkscrew, njia inajikunja kushoto halafu kulia huku inaporomoka kama mita 18, unaingia bila kuona unakokwenda. Rossi alimpita Stoner hapo kwa ndani, akazidisha, magurudumu yakatoka nje ya lami, yakapita kwenye vumbi, akarudi njiani mbele ya Stoner. Wakaendelea kubishana mizunguko kadhaa mpaka Stoner akaenda kwenye changarawe kwenye kona ya mwisho, akaidondosha pikipiki, akainuka na kumaliza wa pili, sekunde 13 nyuma. Alisema baadaye kwamba heshima yake kwa Rossi ilipungua siku ile.

Sasa linganisha. Laguna Seca Rossi alitoka nje ya njia. Jerez alianguka. Katika zote mbili alitaka nafasi ambayo, kwa haki, haikuwapo. Ya kwanza inaitwa mojawapo ya mbio bora za zama hizi. Ya pili ni kosa la mzee aliyekuwa akihangaika na Ducati isiyokunja kona. Ingekuwa vumbi lile lilikuwa na kokoto moja zaidi, Rossi angeteleza na kumkata Stoner miguu, na leo tungekuwa tunazungumza lugha nyingine kabisa. Wanafunzi wa falsafa watakuwa wameshamkumbuka Thomas Nagel na dereva wake wa lori ambaye breki zake hazikukaguliwa: kama hakuna mtoto aliyekatiza barabara, tunamwita mzembe kidogo na tunasahau, kama yupo, tunamwita muuaji. Uzembe ni uleule.

Lakini hoja hiyo nikiifuata mpaka mwisho inanifikisha mahali nisipopataka, kwamba kipaji ni bahati tu iliyopewa jina. Haiwezekani. Mwaka 2013, kwenye kona ileile ya Corkscrew, Márquez mwenye miaka 20 alimpita Rossi kwa kupita vumbini vilevile, akashinda mbio, na baadaye wakataniana. Mtu akilifanya jambo mara moja sema bahati. Akilifanya kila wikiendi mbili, tairi la mbele limeshakunjika chini yake na bado anaisukuma pikipiki isimame kwa goti na kiwiko, hapo kuna kitu anachokijua mwilini ambacho wenzake hawakijui. Eneo la tairi linalogusa lami wakati huo si kubwa kuliko kiganja, pikipiki imelala zaidi ya digrii 60, na mtu yule anasikia mpira unaanza kuachia kabla haujaachia. Kile tunachokiita ukali wake ni kwamba mpaka wake uko mbali kuliko tunavyouona sisi. Ugumu ni kwamba ukiwa kwenye kochi huwezi kuujua mpaka wa mtu isipokuwa siku anapouvuka. Márquez aliuvuka Jerez Julai 2020, akavunjika mkono wa kulia, akajaribu kurudi baada ya siku chache tu, na mkono ule ukapasuliwa mara nne kwa ujumla. Mwaka 2025 akawa bingwa tena. Ukiniuliza kama kurudi kule kwa haraka kulikuwa tamaa au kipaji, sina jibu, na sidhani kama yeye analo.

Nirudi 2011, maana mwaka huo ndio wenye kesi.

Simoncelli alikuwa na nywele kama kichaka, kicheko kikubwa, na ubingwa wa dunia wa 250cc wa mwaka 2008. Alikuwa na urefu wa takriban mita 1.83, mrefu mno kwa kazi ile. Pikipiki za wakati ule zilikuwa za 800cc, mwaka wao wa mwisho, nyepesi, zenye vifaa vingi vya kielektroniki, na zilikuwa zinataka njia moja tu nyembamba kwenye kona. Kila mtu anafunga breki palepale, anakunja palepale. Kumpita mwenzako kwa heshima kulikuwa kugumu. Mtu mwenye mwili mkubwa anapoteza muda wakati wa kutoka kwenye kona, kwa sababu injini inabeba kilo zaidi, kwa hiyo muda wake lazima autafute mahali pengine, na mahali pengine pakubwa ni kwenye breki: kuchelewa kufunga, kujichomeka, kukaa. Ninasema hivi kwa sababu tunapomwita mwendeshaji "mkali" huwa tunazungumzia tabia, kana kwamba amezaliwa na hasira. Wakati mwingine ni hesabu ya uzito.

Upande wa pili yuko Pedrosa, takriban mita 1.58, kilo 51 hivi. Yeye anaruka kutoka kwenye kona kama kipande cha sabuni kilichobanwa, lakini uzito wake hautoshi kupasha tairi moto siku ya baridi, na akikutana na mtu wa kumbania kwenye breki hana mwili wa kubania. Akaitwa msafi. Akaitwa pia mwoga, na watu haohao. Ndiye niliyemwona mdogo zaidi kwenye filamu ile, na sizungumzii kimo. Ushindi 31 katika daraja la juu bila ubingwa hata mmoja si jambo linalopigika picha vizuri.

Mei 15, 2011, Le Mans, wawili hawa walikuwa wanagombea nafasi ya pili. Simoncelli akampita kwa nje, kisha akakata kuingia kona wakati Pedrosa bado yuko ndani. Kwa lugha ya barabara zetu, alichomekea. Pedrosa akamgusa, akaanguka, akavunjika mtulinga wa kulia, akakosa mbio tatu. Simoncelli alipewa adhabu ya kupita kwenye njia ya karakana kwa mwendo mdogo, akamaliza wa tano. Wiki mbili hivi kabla, huko Estoril, Lorenzo alikuwa amemlalamikia mbele ya waandishi wa habari kwamba uendeshaji wake ni wa hatari, na Simoncelli akajibu kwa mzaha kwamba basi atakamatwa. Ukumbi ukacheka. Lorenzo hakucheka. Baada ya Le Mans kicheko kile kilianza kusikika vibaya.

Mjomba wangu ni fundi pikipiki, Morogoro. Mwaka huo nilikuwa naishi kwake, na tulikuwa tunaangalia mbio kila Jumapili zilipokuwapo. Siku ya Le Mans aliweka kikombe chini akasema, "Huyu mtoto ataua mtu." Nilimwamini. Alikuwa anajua injini kwa kusikiliza tu, kwa nini asijue watu?

Oktoba 23 nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, sina kazi. Mbio za Sepang, Malaysia, zilianza kwetu saa tano asubuhi. Mzunguko wa pili, kona ya 11, pikipiki ya Simoncelli iliteleza. Kwa kawaida mtu akiteleza anatupwa nje ya kona, kwenye changarawe, anaamka anapiga teke hewa. Safari hii tairi lilishika tena, na badala ya kutoka nje pikipiki ikakata kuvuka njia kwenda ndani, na yeye bado ameing'ang'ania, mbele ya waliokuwa wanamfuata. Colin Edwards hakuwa na pa kwenda. Rossi, rafiki yake, hakuwa na pa kwenda. Mbio zikasimamishwa, hazikuendelea. Alikuwa na miaka 24.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilisema." Basi, neno moja.

Mwaka uliofuata, kidato cha kwanza, tulipewa insha ya methali. Yangu ilikuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Wenzangu waliandika kuhusu fisi na njia panda, kuhusu wezi wa mahindi, kuhusu binti aliyetaka simu. Mimi niliandika kuhusu mwendeshaji wa Italia aliyekuwa anataka kila kona iwe yake, akaonywa na wenzake, akacheka, akamvunja mtu mfupa, na miezi mitano baadaye akafa njiani. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Alisifu mfano wangu kwa kuwa wa kisasa.

Insha ile ilikuwa na hukumu nzuri na haikuwa na ushahidi hata kidogo. Nimeangalia Sepang mara nyingi kuliko inavyofaa. Hakuna aliyechomekewa. Hakuna aliyesukumwa. Alikuwa wa nne, anabishana na Álvaro Bautista kama watu wanavyobishana mzunguko wa pili wa mbio yoyote, akapoteza tairi la mbele kama Pedrosa angeweza kulipoteza, kama wote walivyowahi kulipoteza. Ukitafuta tabia yake kwenye tukio lile, ninachokiona mimi ni kwamba hakuachia usukani. Alikuwa anajaribu kuiokoa. Na kitu hichohicho, mtu kukataa kuiachia pikipiki inayoanguka, ndicho tunachomshangilia Márquez.

Hapa ndipo ninapogombana na namna tunavyokosoa michezo, wachambuzi wa kwenye runinga na sisi wa vijiweni. Tukishampa mtu jina, kila kitu kinachomtokea kinakuwa ushahidi wa jina hilo. Angalia mwaka 2006: Pedrosa, msafi, akiwa Estoril alimzoa na kumwangusha Nicky Hayden, mwenzake wa timu moja, aliyekuwa anaongoza ubingwa na mbio zikiwa zimebaki mbili tu pamoja na hiyo. Hayden alichukua ubingwa hata hivyo. Pedrosa akabaki msafi. Angalia Lorenzo, aliyekuwa hakimu wa Simoncelli: mwaka 2005, akiwa kijana wa 250cc, aligongana na Alex de Angelis huko Japani, akafungiwa mbio moja. Sisemi hakuwa na haki ya kulalamika. Pengine ndiye aliyekuwa nayo kuliko wote, kwa sababu alijua ukiwa na miaka 18 unajionaje. Ila hakuna aliyemwandikia insha.

Na ni kweli kwamba kuna rafu. Sitaki nionekane ninasema kila kitu ni mtazamo. Argentina, Aprili 2018, Márquez alizimikiwa na pikipiki kwenye gridi, akaigeuza na kurudi kinyume na mwelekeo, akaadhibiwa, kisha akatumia mbio zilizobaki kupita kila mtu kana kwamba wamesimama. Akamgonga Aleix Espargaró. Akamgonga Rossi, akamwangusha. Waamuzi walimwongezea sekunde 30, akaishia wa 18. Siku ile alikuwa ndiye mwenye kasi kuliko wote, kwa mbali. Kipaji kilikuwapo chote. Kilichokosekana ni kuwaona wengine kama watu walioko njiani, na hicho hakihusiani na kipaji wala hakizidiwi nacho. Kwa hiyo nadhani Stoner alikosea vipimo. Aliweka tamaa upande mmoja wa mizani na kipaji upande wa pili, kana kwamba ukiwa na kipaji cha kutosha unaruhusiwa kutaka chochote. Swali ninaloweza kulijibu nikiwa kwenye kochi ni dogo kuliko hilo: alipoingia, yule mwingine alibakiwa na mahali pa kwenda? Laguna Seca 2008, Stoner alikuwa napo, ingawa kwa kubana breki na kutukana. Le Mans, Pedrosa hakuwa napo.

Hata swali hilo lina matundu. Aragón 2013, Márquez aliingia kona akichelewa kidogo nyuma ya Pedrosa, akamgusa. Mguso wenyewe ulikuwa mdogo, ungeweza kutokea mara kumi bila mtu kuandika. Lakini ulikata waya wa kihisi kinachopima mwendo wa gurudumu la nyuma, mfumo wa kuzuia gurudumu lisizunguke ovyo ukapofuka, na Pedrosa alipovuta mafuta pikipiki ikamrusha hewani. Waamuzi walimpa Márquez pointi moja ya adhabu. Pedrosa alikuwa na pa kwenda. Alichokosa ni waya. Mwaka ule Márquez akawa bingwa kijana kuliko wote katika historia ya daraja la juu, akimzidi Lorenzo kwa pointi nne.

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro. Mjomba ana nywele nyeupe sasa, na bodaboda wanamwita Mzee. Nilimsalimia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya gereji, nikamwambia nina kitu nataka akione. Kwenye simu nilikuwa nimeweka mbio za Phillip Island, Australia, za Oktoba 16, 2011. Ndizo alizochukulia Stoner ubingwa, siku yake ya kuzaliwa, na kama zinakumbukwa zinakumbukwa kwa hilo. Nyuma yake mvua ilianza kushuka mwishoni, na Simoncelli na Andrea Dovizioso walikuwa wanagombea nafasi ya pili kwenye lami inayolowa, bila mmoja kumwangusha mwenzake, mpaka mstari wa mwisho. Simoncelli akawa wa pili. Hakuwahi kumaliza juu ya hapo.

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa chenye petroli akashika simu kwa vidole viwili.

"Huyu ni yule wa nywele?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na huyu mwingine?"

Nikamtajia. Akaangalia kimya. Mteja alikuja kuulizia plagi, akaambiwa asubiri.

"Lini hii?"

"Wiki moja kabla ya Malaysia."

"Mbona sikuiona?"

"Ilikuwa asubuhi mno. Tulikuwa tumelala."

Alifikiri kidogo, akanirudishia simu, kisha akaichukua tena kabla sijaizima.

"Hebu irudishe pale mvua inapoanza," alisema.